Je, Aliyekubali Hadhulumiwi?

Watu wakiulizwa, Dhuluma ni nini? wengi hujibu upesi ya kuwa ni kumnyang'anya mtu mali yake kwa nguvu au kwa hila. Jawabu hilo ni kweli, walakini halitoshi. Maana iko dhuluma isiyotumia fimbo wala uongo. Hufanyika mchana mbele ya mashahidi, na mwenye kudhulumiwa hupokea fedha kwa mikono miwili na kusema, Ahsante. Hiyo ndiyo tunayotaka kuitazama.

Wasomaji wetu wa Mtwara na Lindi waijua sana biashara iitwayo kangomba. Kabla ya mavuno ya korosho, chakula kimekwisha ghalani, au mtoto ni mgonjwa, au ada ya shule yadaiwa. Ndipo huja mtu mwenye fedha, akatoa kidogo. Na msimu ukifika huchukua korosho kwa bei iliyo chini kabisa ya bei ya soko, tena mara nyingi kwa kupima kwa bakuli badala ya mizani. Huko Kagera iko desturi kama hiyo katika kahawa, nayo huitwa butura: mkulima huuza kahawa ingali mtini, pengine ingali maua. Serikali imekataza mambo hayo. Hata mwaka 2018, iliponunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, ilituma watu kuhakiki mashamba, ili wanunuzi wa kangomba wasilipwe. Lakini sheria hukataza tendo tu. Dhamiri hutaka kujua kwa nini tendo ni baya.

Mnunuzi anazo hoja mbili. Ya kwanza, Sikumlazimisha, alikubali mwenyewe. Ya pili, Nisingalikuja mimi, watoto wake wangalilala na njaa. Hoja hizi si za kupuuzwa, kwa maana zote mbili zaweza kuwa kweli.

Basi tuijibu ya kwanza. Wazee husema, Mfa maji hukamata maji. Je, tutasema ameyachagua maji? Kukubali kwa mtu kuna uzito pale anapoweza kukataa pia. Mnunuzi hakuileta njaa, ni kweli. Lakini ameikuta mlangoni pa jirani yake, akaiajiri imfanyie kazi. Na ajiulize hivi: kama jirani huyu angalikuwa na chakula cha kumfikisha mavunoni, angaliikubali bei hii? Kama ndiyo, hiyo ni biashara. Kama siyo, basi alichonunua si korosho tu. Amenunua shida ya mwenzake.

Tuje kwa hoja ya pili. Tuseme mtu ametumbukia shimoni, na mwingine apita na kamba begani. Asema, Nitakutoa ukinipa shamba lako. Aliye shimoni atakubali kwa furaha, na akitoka atakuwa amepata faida, maana uhai wapita shamba. Walakini kijiji kizima kitamwonea haya mwenye kamba. Kwa nini? Kwa sababu msaada ule ulikuwa deni lake kwa mwanadamu mwenzake, naye ameuuza. Kumtendea mtu jema dogo hakumpi mtu ruhusa ya kumvua nguo.

Hatusemi kwamba kila mwenye fedha azigawe bure. Mwenye kukopesha huingia hatarini: ubwiri unga waweza kuharibu maua ya mikorosho, na deni lisilipike. Ni haki apate faida kwa taabu yake na kwa hatari yake. Lakini dalili ya dhuluma ni hii: njaa ikizidi, bei hushuka. Hapo faida haipimwi tena kwa taabu ya mnunuzi, ila kwa kina cha shimo alimo mwenzake.

Immanuel Kant, mwenye hekima wa Ujerumani, alifundisha katika kitabu chake cha mwaka 1785 ya kuwa haifai kumtumia mwanadamu kama chombo tu. Jembe hutumiwa, kisha huwekwa pembeni. Halina mashauri yake, wala halitazamii kesho. Mkulima anayo kesho yake. Mwenye kununua mavuno yake kwa bei ya njaa amechukua pamoja nayo chakula cha mwaka ujao, na mwaka ujao atamkuta dhaifu zaidi. Watu wa zamani za Nehemia waliweka rehani mashamba na nyumba zao ili wapate nafaka wakati wa njaa. Nao walikubali; hata hivyo Nehemia aliwakemea wakuu, wakarudisha mashamba.

Neno hili si la matajiri wa mjini peke yao. Sisi wenye mshahara, walimu na wengine, tunazo fedha miezi ile jirani asiponazo. Kwa hiyo jaribu hili hutujia nyumbani. Yatupasa tuanzishe vikundi vya kuweka na kukopa, na ghala la kijiji la kuhifadhi nafaka, ili jirani apate mahali pengine pa kwenda. Na ajapo kwetu hali ana dhiki, tumpe masharti yale yale ambayo angaliyakubali siku ya shibe.