Soda, Dhahabu na Mdhulumiwa wa Karibu



Ndugu zangu, swali ninaloomba tulitazame ni hili: Mwislamu akiamua kuacha kitu kwa ajili ya mdhulumiwa, nani anapaswa kubeba gharama ya uamuzi huo?

Tangu vita vya Gaza vilipoanza Oktoba 2023, wengi wetu tumeacha soda. Katika futari za jumuiya yetu hapa Mbale utakuta juisi ya maembe, tangawizi na maji. Nami nimeacha, na sioni sababu ya kurudi. Mwanafunzi mgeni hana mengi anayoweza kufanya. Hapigi kura hapa Uganda, na kabla ya kuandamana hukumbuka kwanza kibali chake cha kukaa. Alichonacho ni mfuko wake, hata kama ndani mna shilingi za kuhesabika.

Wapo wanaosema chupa moja haimtikisi mtu. Ni kweli. Hoja inayonishughulisha zaidi ni ya yule mama wa duka nje ya geti, Mwislamu mwenzetu, ambaye mauzo yake yameshuka na hana hisa katika vita vya mtu yeyote. Hapo namkumbuka Thumama bin Uthal, chifu wa Banu Hanifa kule Yamama. Aliposilimu aliapa kwamba punje ya ngano haitakwenda Makka mpaka Bwana Mtume (s.a.w.) aruhusu. Njaa ilipowabana, Makuraishi walimwandikia Mtume wakimkumbusha udugu wa damu, naye akaagiza ngano iachiliwe. Na hao ndio waliowahi kuwatenga Banu Hashim kwa takriban miaka mitatu katika bonde la Abu Talib! Kwa hiyo kususia kuna asili, na pia kuna mpaka: aliyekizuia chakula aliambiwa atazame ni nani hasa anayelala na njaa. Kwa duka la mama yule, sisi tumeamua kununua kwake sabuni, mkate na vocha. Si jibu kamili.

Soda lakini ilikuwa rahisi. Mgumu ni mtihani wa Sudan.

Vita vya huko vilianza tarehe 15 Aprili 2023, mwezi wa Ramadhani, kati ya jeshi la serikali na kikosi cha RSF. Watu zaidi ya milioni 12 wameyakimbia makazi yao. Mji wa El Fasher ulizingirwa kwa zaidi ya mwaka kabla ya kutekwa na RSF Oktoba 2025. Maelfu ya Wasudani wako hapa hapa Uganda, wengi katika makazi ya wakimbizi ya Kiryandongo, na wengine tunaswali nao safu moja. Mmoja wao, tunayesoma naye usulul-fiqh, aliniuliza kwa upole: "Na kwa ajili yetu mmeacha nini?"

Sikuwa na la kumwambia, na nadhani najua sababu. Kule Gaza dhalimu si wa kwetu. Sudan, wote wawili wanaelekea kibla kimoja, na pesa inayowalisha inapita katika masoko tunayoyapenda. Dhahabu ni miongoni mwa vitu vinavyogharimia vita hivyo, kwa pande zote mbili, na sehemu kubwa ya dhahabu ya Sudan huishia Dubai. Machi 2025 Sudan iliishtaki Falme za Kiarabu katika Mahakama ya Kimataifa ya Haki kwa madai ya kuisaidia RSF. Falme zilikanusha, na mwezi Mei mahakama ikasema haina mamlaka ya kuisikiliza kesi hiyo.

Sasa nifike kwangu. Mchumba wangu, wa Tanga kama mimi, ametaja mahari yake: seti ya dhahabu. Mjomba wangu anafanya kazi Dubai na ameahidi kuja nayo. Kifiqhi sina shida. Asili ya vitu ni uhalali, na yakini haiondoshwi na shaka. Hakuna sonara anayeweza kuniambia kidani fulani kilitoka Darfur. Lakini tunasoma pia habari ya Abubakar (r.a.), aliyekula chakula alicholetewa na mtumwa wake, kisha akaambiwa kilipatikana kwa ukuhani wa zama za ujahili. Alikitapika. Ninachokiona hapo ni kwamba alitia kidole kinywani mwake mwenyewe.

Mahari ni haki ya mwanamke, na Sura ya An-Nisaa imeamrisha apewe kwa moyo mkunjufu. Nikimwambia apokee kidogo ili dhamiri yangu itulie, nitakuwa nimemtolea Msudani sadaka kutoka mfukoni mwa mwanamke wa Tanga. Ndiyo maana nimemwandikia kwamba haki yake iko palepale. Akikubali kitu kingine, thamani haitapungua hata senti, na kinachozidi nitakibeba mimi, hata kama ndoa itasubiri mpaka nimalize chuo na kupata kazi. Asipokubali, atapewa dhahabu.

Amenijibu kwa swali: je, kama angeomba shamba, ningemuuliza mwenye shamba wa kwanza alilipataje? Bado nalitafuta jibu, na mjomba atafika Tanga mwezi wa Shaaban.