Nani Atamtafutia Tabibu?

Jina la Segerea, kiungani mwa Dar es Salaam, lajulikana nchini kote kwa mambo mawili: gereza na seminari kuu. Ukilitaja mbele ya watu wa mahakamani, wao huwaza habari za mahabusu. Ukilitaja mbele ya waamini, wao huwaza Seminari ya Mtakatifu Karoli Lwanga, ambamo mapadre wengi wa nchi hii walisomea teolojia. Lakini nje ya kuta za gereza na za seminari kuna maelfu ya nyumba za watu wa kawaida: waalimu, mafundi, wenye vibanda vya biashara, vijana waliomaliza shule na wasiopata kazi. Na katika baadhi ya nyumba hizo, kama katika nyumba za Mwanza, Songea na Bukoba, mna mtu aliyelala mchana kutwa akiuelekea ukuta, wala jirani zake hawajui. Habari ya mtu huyo ndiyo tutakayo kuinena leo.

Ugonjwa wake una jina la Kiswahili safi: sonona. Limetoka katika kitenzi kusonona, maana yake kuumia moyoni. Hatusemi habari ya huzuni ya kawaida. Aliyefiwa hulia, na machozi yake ni haki ya marehemu. Aliyepoteza kazi huwa na majonzi, kisha siku hupita naye huinuka tena. Sonona ni jambo jingine. Mtu hukaa majuma mawili, mwezi, hata mwaka, hana furaha kwa yale aliyoyapenda. Usingizi humkimbia usiku, au humwelemea mchana. Chakula hakina ladha. Viungo ni vizito. Naye hujiona si kitu, mzigo tu kwa watu wake, hata pengine huona afadhali afe. Majirani humwita mvivu. Wengine husema amelogwa, au ana pepo, au ana kiburi kwa kuwa haji jumuiyani. Yeye mwenyewe, akiulizwa, hujibu maneno mawili tu: "Nina mawazo."

Mara nyingi watu huuliza: msaada wa ugonjwa huu wapatikana wapi? Ni swali jema, nasi tutalijibu. Lakini liko swali litangulialo, nalo ni la dhamiri kabla ya kuwa la hospitali: nani atafute? Twasema wazi ya kuwa mzigo huu haumpasi mgonjwa peke yake. Kumtafutia tabibu mtu mwenye sonona ni wajibu wa wale wanaomzunguka, nao wakiuacha kwa makusudi, hilo ni mojawapo la mambo tunayoyaungama katika Misa tunaposema kwamba tumekosa kwa kutotimiza wajibu.

Sababu ni hii. Mwenye jino bovu hutafuta mwenyewe wa kumng'oa, maana maumivu yenyewe humsukuma. Lakini sonona huishika nguvu ile ile ambayo mgonjwa angeitumia kutafuta. Tuifikiri safari yake. Akiwa Segerea, yampasa kuamka, kuoga, kuvaa, kugombania daladala, kupita Tabata na Buguruni hadi Hospitali ya Amana, kupanga foleni, kutaja dirishani mbele ya watu shida iliyomleta, kungoja, na kurudi tena siku nyingine. Kwa mzima, hiyo ni asubuhi moja ya usumbufu. Kwa mtu ambaye hata kuvaa shati kumemshinda, huo ni mlima Kilimanjaro. Kumwambia, "Nenda ukatafute msaada," ni sawasawa na kumwambia aliyevunjika mguu akimbie dukani akajinunulie magongo.

Mwinjili Marko, katika sura ya 2, atusimulia habari za mtu aliyepooza kule Kafarnaumu. Watu wanne walimbeba. Walipoona mlango umezibwa na umati, hawakumrudisha nyumbani wakisema wamejaribu. Walipanda darini, wakalitoboa paa, wakamteremsha na kitanda chake. Tuangalie jambo ambalo wengi hulipita upesi: hatusikii kwamba mgonjwa aliomba neno lolote, na Mwinjili aeleza kuwa Bwana aliitazama imani yao wote, wala si ya mgonjwa peke yake. Ikiwa mtu aweza kufikishwa kwa Kristo mabegani mwa wenzake, ni aibu gani kufikishwa kliniki kwa kushikwa mkono na dada yake?

Wako watakaosema: "Mkristo wa kweli na aombe tu, imani itamponya." Aombe, naam, nasi tumwombee. Lakini Yoshua bin Sira, katika sura ya 38, afundisha kumheshimu tabibu, kwa kuwa huyo naye ameumbwa na Mungu, na dawa pia ni kazi ya Mungu. Tena tumkumbuke nabii Eliya. Baada ya kuwashinda manabii wa Baali alikwenda jangwani, akaketi chini ya mti, akaomba afe. Mungu hakumkemea. Alimwacha alale, alimpelekea malaika mwenye mkate na maji, si mara moja bali mara mbili, huko mlimani alimwuliza habari zake, akamsikiliza aseme yote, hata akayarudia yale yale, mwisho akampa Elisha awe mwenzake. Usingizi, chakula, sikio la kusikiliza na mwenzi: matabibu wema wa leo nao huyajali hayo.

Hakuna padre amwambiaye mwenye kisukari aache dawa kwa sababu amekomunika. Kitubio huondoa dhambi. Sonona si dhambi. Ndiyo maana mtu aweza kutoka kitubioni na roho safi kabisa, na bado asiweze kula. Hayati Baba Mtakatifu Fransisko, aliyefariki Aprili 2025, alieleza katika kitabu cha mazungumzo kilichotoka mwaka 2017 kwamba alipokuwa na umri wa miaka 42, huko Argentina, alimwendea daktari wa mambo ya nafsi, mama wa Kiyahudi, mara moja kila juma kwa muda wa miezi sita, ili kuyaweka wazi mambo fulani yaliyomsumbua. Alimsifu kwa kuwa hakuivuka kamwe mipaka ya kazi yake. Na mama huyo alipokaribia kufa alimwita, si kwa ajili ya sakramenti, bali kwa mazungumzo ya kiroho. Daktari alimhitaji padre, na padre alimhitaji daktari, wala hakuna aliyejaribu kuwa yule mwingine.

Wengine huogopa aibu. Jina la Mirembe, hospitali ile ya Dodoma iliyowapokea wagonjwa wa akili tangu enzi za Waingereza, tumeligeuza kuwa tusi la kutaniana mitaani. Wenye kutania hivyo na wayasikie haya. Louis Martin, baba yake Mtakatifu Teresia wa Mtoto Yesu, tangu mwaka 1889 alikaa miaka mitatu katika hospitali ya wagonjwa wa akili mjini Caen, Ufaransa. Ugonjwa wake ulikuwa mwingine, lakini masengenyo yaliyowafikia binti zake ni yale yale yazifikiayo familia zetu. Tarehe 18 Oktoba 2015 Kanisa lilimtangaza kuwa mtakatifu, pamoja na mkewe Zélie.

Kanisa lenyewe limezidi kumtazama mgonjwa kwa makini. Sheria yake ya mwaka 1917 iliwanyima maziko ya Kanisa waliojiua kwa makusudi. Ile ya mwaka 1983 haiwataji tena katika orodha hiyo, na Katekisimu ya mwaka 1992 yakiri kuwa maradhi mazito ya nafsi yaweza kupunguza hatia ya mtu, tena yatuonya tusiukatie tamaa wokovu wake. Uhai ungali mali ya Mungu, wala mafundisho hayo hayakubadilika. Lakini asiwepo mzazi aliyefiwa kwa namna hiyo atakayezidishiwa msiba na ukali wetu.

Hata hivyo twaona ya kuwa kizuizi kikubwa kuliko umbali na kuliko fedha ni ulimi wetu. Maaskofu wa Afrika Mashariki, katika mikutano yao ya mwaka 1973 na 1976, walizichagua Jumuiya Ndogo Ndogo ili Mkristo asiwe mgeni kati ya Wakristo wenzake. Ni neema kubwa. Lakini ule ujirani uwezao kumwokoa mgonjwa ndio anaouogopa, kwa maana ajua kwamba litakalosemwa sebuleni asubuhi litafika kisimani jioni. Mama wa nyumba huficha ugonjwa wa mumewe, si kwa kuwa hampendi, bali kwa kuwa atujua sisi. Basi ni bure kuhubiri habari ya hospitali kama hatujaitengeneza kwanza midomo. Aliyeambiwa siri ya mgonjwa amewekewa amana, na kuitoa amana ya mtu bila ruhusa yake ni wizi.

Watu husema pia kwamba wataalamu ni wachache. Ni kweli, ni wachache mno. Lakini tutazame kwa jirani. Katika vijiji vya Masaka na Rakai, Uganda, nchi iliyoteswa sana na ukimwi, watafiti waliwauliza wenyeji majina ya maradhi ya moyo, nao wakayataja kwa Kiganda: moja maana yake kujichukia, la pili kujihurumia. Kisha wenyeji waliosoma sekondari tu walifundishwa namna ya kuongoza vikundi vya wagonjwa, wanaume peke yao na wanawake peke yao, vilivyokutana kila juma kwa majuma 16. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2003 yalionyesha ya kuwa waliohudhuria walipata nafuu kupita kwa mbali wale wa vijiji visivyokuwa na vikundi. Kadhalika mjini Harare, Zimbabwe, Daktari Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 na bibi 14, akawafundisha kuketi benchini nje ya zahanati na kuwasikiliza wenye ugonjwa ambao Washona huuita kuwaza kupita kiasi. Utafiti uliotangazwa mwaka 2016 ulithibitisha kuwa kazi yao yaponya. Lakini tusikosee: bibi hao walifundishwa na wakasimamiwa. Wema wa moyo peke yake haumfanyi mtu kuwa tabibu. Kazi ya jumuiya ni kumbeba mgonjwa, na kumfikisha.

Wapi, basi? Anza na zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, uulize habari ya huduma ya afya ya akili, nao wakuelekeze kwa rufaa. Kwa wakazi wa Dar es Salaam ziko hospitali za Amana, Temeke na Mwananyamala, na juu yake Muhimbili. Mwanza iko Bugando, hospitali ya maaskofu wetu. Kwingineko, swali hilo hilo liulizwe katika hospitali ya mkoa. Tabibu wa kweli, awe Mkatoliki au la, hutambulikana: huuliza na kusikiliza kabla ya kusema, hutunza siri, huonyesha cheti chake bila kuona haya, wala haahidi uponyaji wa siku moja. Akitoa vidonge, husema mapema kwamba vyaweza kuchukua majuma kadhaa kabla ya kuonyesha nguvu, ili mgonjwa asiviache njiani. Mwenye kudai jogoo, mwenye kumtaja jirani kuwa mchawi, mwenye kumfunga mgonjwa minyororo hata kama ni kwa jina la Yesu, huyo mkimbieni.

Lakini kutafuta si kuburuta. Mgonjwa angali mtu, mwana wa Mungu, mwenye hiari yake. Mwulize, mwombe, mngoje, rudi kesho. Jambo moja tu halingoji: akisema ataka kufa. Usiogope kumwuliza waziwazi kama ana nia ya kujiua. Kuuliza hakumtii wazo hilo, bali humfungulia mlango wa kulitua. Akikubali kwamba anayo, usimwache peke yake, ondoa kamba na sumu ndani ya nyumba, na umpeleke hospitali saa ile ile, hata kama ni usiku wa manane.

Juma hili jumuiya zitakapokutana, viongozi watahesabu waliohudhuria. Twaomba wawahesabu pia wasiohudhuria, hasa yule ambaye kwa miezi miwili hakuna aliyemwona naye hajasafiri. Waende kwake wawili, si kumi. Wasiende na hotuba wala mchango wa jengo. Wachukue uji au matunda, waketi, wasiwe na haraka. Na kama asipoweza kwenda mwenyewe, mmoja wao aulize zahanati siku ya huduma, alipe nauli ya watu wawili, na asubuhi ile amgojee mlangoni mpaka avae. Mungu awajalie nguvu watakaokwenda.