Sarafu ya Shaba Iliyofukuliwa Ni Mali ya Nani?

Misisi, katika teritwari ya Fizi huko Kivu, mashariki mwa Kongo, watu wanaishi kwa dhahabu. Lakini mashine ya kutafutia madini haichagui: italia kwa punje ya dhahabu, italia kwa msumari, na italia vilevile kwa sarafu ya shaba iliyolala udongoni tangu enzi za mababu. Dhahabu ina bei yake sokoni. Sarafu iliyoota kutu ya kijani ina thamani gani, na aliyeiokota ana haki gani juu yake?

Aristotle alisema kwamba pesa hupata nguvu kwa makubaliano ya watu, si kwa maumbile, na kwamba watu hao hao wanaweza kuibatilisha. Biashara ya dhahabu ya Kivu inamjibu kwa namna yake. Huko, sarafu zilizokwisha kufa kama pesa zimetumika kwenye mizani kama mawe ya kupimia, pamoja na njiti za kiberiti kwa vipimo vidogo. Serikali iliyozitoa imepita, uzito umebaki.

Kinachobaki zaidi ni maandishi. Sarafu za shaba alizotoa Mfalme Leopold II kwa ajili ya Kongo kuanzia 1887 zina tundu katikati, nyota upande mmoja, na herufi L zenye taji upande wa pili. Sarafu ya Sultani Barghash wa Zanzibar, ya mwaka 1299 wa Hijria (1882), ina picha ya mizani. Bila alama hizo, vyote ni vipande vya shaba tu.

Katika fiqhi, yaani sheria ya Kiislamu, alama hizo zinaweza kuamua hukumu yenyewe. Wanazuoni walitofautisha rikazi, yaani hazina iliyozikwa kabla ya Uislamu, na luqata, yaani mali iliyopotea. Rikazi hutolewa khumsi, sehemu moja ya tano, na kinachobaki mara nyingi ni cha aliyeipata. Luqata yenye thamani hutangazwa mwaka mzima, mwenyewe akitafutwa. Sarafu yenye maandishi ya Kiislamu, kama zile za masultani wa Kilwa ya pwani ya Tanzania, kwa kawaida huhesabiwa luqata. Basi anayeyafuta maandishi anamnyima kadhi ushahidi.

Wakristo nao wana fumbo la Mathayo 13:44. Mtu anakuta hazina shambani, anaificha tena, anauza vyote alivyo navyo na kulinunua shamba. Wahubiri husifu furaha yake, na hiyo ndiyo shabaha ya fumbo. Hata hivyo msikilizaji makini atauliza: mwenye shamba aliambiwa nini?

Na kufuta maandishi ya sarafu ni rahisi mno. Jikoni, shaba husuguliwa kwa ndimu na chumvi hadi ing'ae. Kwa sarafu, hayo ni maangamizi. Asidi ya ndimu hula lile gamba la juu lililoshika herufi, na kloridi iliyomo ndani ya chumvi huweza kuamsha kutu ya ungaunga wa kijani kibichi inayoendelea kuila shaba kila ipatapo unyevu. Mkusanyaji anayejua kazi yake hupendelea sarafu yenye rangi ya kahawia iliyotulia kuliko ile iliyosuguliwa ikawa ya waridi. Uchafu ukizidi, hutumia maji yaliyochujwa chumvi zake, subira, na kijiti laini, kisha huikausha kabisa.

Lakini thamani nyingine haipo kwenye shaba hata kidogo. Mwaka 1944 mwanajeshi Maurie Isenberg aliokota sarafu tano za Kilwa katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Alizihifadhi hadi 1979 alipozipeleka zitambuliwe. Sarafu za Kilwa zimepatikana kwa wingi Kilwa kwenyewe. Hizi tano zilizua mjadala wa wanahistoria kwa sababu Isenberg alikuwa na ramani aliyotia alama mahali alipozipata. Angeficha mahali hapo, zingekuwa shaba chakavu.

Kwa hiyo swali la usafi na swali la umiliki ni swali moja. Aliyeokota ameshika amana: hana ruhusa ya kuondoa maandishi, wala ya kuficha mahali. Kongo ina sheria ya kulinda mali za utamaduni tangu tarehe 15 Machi 1971, na Kinshasa ina Makumbusho ya Taifa yaliyofunguliwa 2019. Mchimbaji wa Misisi atakayekutana na sarafu ya namna hii aiache na udongo wake, aandike shimo na kina, amwambie mwenye shamba, kisha aitangaze kwa wakuu wa eneo kabla haijafika kwa mnunuzi.