Waliolala Akeri

Darasa langu la kipaimara hukutana Jumamosi asubuhi. Jumamosi moja ya Oktoba tulikuwa kwenye amri ya tano, ile inayokataza kuua, nikawapeleka watoto kwenye kumbukumbu ya Ewald Ovir na Karl Segebrock, wamisionari wa Leipzig waliouawa hapa Akeri, Meru, usiku wa kuamkia tarehe 20 Oktoba 1896. Niliwasimulia kama nami nilivyosimuliwa: vijana wawili waliotoka nchi za Baltiki kuja kutuletea Injili, wakachomwa mikuki pamoja na Wachaga waliofuatana nao. Tunawaita mashahidi. Nilipomaliza, kijana mmoja mrefu akanyoosha mkono.

"Mwalimu, waliowaua ni babu zetu. Hao babu wako wapi sasa?"

Nimefundisha shule ya msingi miaka 34, na si mara nyingi swali la mtoto limenifunga mdomo. Nilimwambia tutaendelea wiki ijayo. Usiku ule sikulala vizuri, kwa sababu nilijua kwamba nilikuwa nimesimulia nusu ya habari, tena mbele ya makaburi.

Nusu nyingine ni hii. Wale wawili hawakufika Meru peke yao. Kapteni Kurt Johannes wa jeshi la Wajerumani alikuwa amepiga kambi jirani, pamoja na askari wake, na usiku ule ule wapiganaji wa Meru na Arusha walimshambulia yeye pia. Babu zetu walikuwa wakiangalia Moshi kwa macho mawili. Mwaka 1892 watu wa Mangi Meli wa Moshi waliwashinda Wajerumani, wakamuua kiongozi wao von Bülow. Mwaka 1893 Wajerumani wakarudi na silaha kubwa zaidi na Moshi ikanyenyekezwa. Miaka hiyohiyo sotoka ilikuwa imemaliza ng'ombe, na njaa ilikuwa imepita kila nyumba. Kisha wakaja wageni wanaotaka mahali pa kujenga, mwenye Biblia na mwenye bunduki wakipita njia moja na kula chungu kimoja. Kijana wa mkuki angewatenganishaje?

Wiki chache baadaye Johannes alirudi na askari pamoja na maelfu ya wapiganaji wa Kichaga. Nyumba zilichomwa, migomba ikakatwa, ng'ombe waliobaki wakaswagwa kuelekea Moshi, na watu wakauawa kwa mamia. Mtu asiyelima mgomba hawezi kujua maana ya kuukata. Si chakula cha jioni tu. Chini ya migomba ndipo tunapozika watu wetu, ndipo mtoto anapozikiwa kitovu chake. Mapanga yale yalikata walio hai na waliokufa kwa pamoja. Tarehe 2 Machi 1900, huko Moshi, Mangi Meli alinyongwa pamoja na viongozi wengine, na Mangi wetu Lobulu alikuwa miongoni mwao. Boma lililojengwa Arusha wakati huo bado limesimama, siku hizi ni makumbusho, na wanafunzi wetu hupelekwa kutazama ndege na wadudu waliokaushwa.

Sasa nirudi kwa swali la kijana. Kumuua mtu asiye na silaha ndani ya hema lake ni dhambi, na siwezi kuigeuza kuwa kitu kingine kwa sababu aliyeua ni wa ukoo wangu. Ovir na Segebrock hawakumchukulia mtu shamba. Naamini walikuja kwa moyo safi, na ninapofagia pale makaburini nafagia kwa heshima. Lakini kuilinda nchi yako isichukuliwe si dhambi, na usiku ule mambo hayo mawili yalifanywa na mkono mmoja. Hilo ndilo linalonisumbua zaidi kuliko vita vyenyewe: babu zetu walikuwa na haki, wakamwaga damu isiyostahili, na kwa ajili ya damu hiyo wakanyang'anywa hata haki ya kuliliwa. Wageni wawili wana jiwe. Mamia ya wenyeji hawana hata sala.

Bibi yangu alilijua hilo bila kusoma kitabu. Novemba 1951 serikali ya Waingereza iliwahamisha kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki na Leguruki, ili ardhi igawanywe kuwa mashamba 13 ya walowezi. Mama yangu alikuwa na miaka 11. Alinisimulia jinsi askari walivyofika asubuhi wakaamuru vyombo vitolewe, na bibi akaenda kuketi juu ya kinu chake. Hakutukana. Hakutoa hata kijiko. Walitoa wao: vyungu, ngozi, kibuyu cha maziwa, mwisho wakamwinua yeye na kinu kikatoka. Kisha nyumba ikawashwa moto. Wameru walikataa kuondoka kwa hiari, wakakataa fidia, na hakuna aliyeinua mkuki. Mama alipomuuliza kwa nini wanaume wamenyamaza, bibi alimjibu: "Tulishaua mara moja tukiwa na haki, wakatugeuza sisi ndio wakosaji. Safari hii waonekane wao."

Nao wakaonekana. Mwaka 1952 Mmeru mwenzetu, Kirilo Japhet, alisimama New York mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, akiwa na wakili Earle Seaton, akaeleza mambo ya Engare Nanyuki. Ardhi haikurudi mwaka ule. Lakini Kirilo alirudi akazunguka nchi akisimulia, na TANU ilipozaliwa mwaka 1954 ilikuta Wameru wameshajifunza kudai. Sisemi kwamba kinu ni kitakatifu kuliko mkuki. Nasema aliyeketi juu ya kinu alikuwa amewakumbuka wale wa mkuki, na bila kuwakumbuka asingeketi.

Huku mlimani, mtu akimkosea mwenzake, hata kama ni kosa la damu, hupeleka jani la isale. Anayeletewa isale hawezi kukataa kusikiliza. Ila isale halipelekwi hewani. Lazima uende kwenye mlango wa uliyemkosea na umtaje. Rais Steinmeier wa Ujerumani alipokuja Songea Novemba 2023, aliomba msamaha wa vita vya Maji Maji mbele ya ukoo wa Chifu Songea Mbano. Alikwenda mlangoni. Kanisa letu lilizaliwa katika moshi wa 1896, na mlango wa kubisha uko hapa hapa kijijini.

Jumamosi iliyofuata nilimjibu kijana. Nilimwambia babu zake wako mikononi mwa Mungu yule yule aliye na Ovir na Segebrock, kwamba Yeye huhukumu kwa kujua habari nzima, na kwamba mimi niliwapa nusu, nikaomba radhi. Aliuliza jambo moja tu: "Basi mbona hatuwaombei?"

Wazee wenzangu wa usharika, tarehe 20 Oktoba ijayo, tukishawataja wamisionari na Wachaga waliokufa nao, tumtaje Lobulu, na tuwataje waliokufa migombani hata kama majina yao hatunayo. Isale nitaleta mimi.