Meseji Haina Mlango

Daraja la Liwatoni, lile lililokuwa likielea hadi Ras Bofu, lilijengwa 2020 kwa sababu ya maradhi. Feri ya Likoni ilikuwa inabeba watu bega kwa bega, na serikali ikahofia corona itavuka nao. Kwenye maji tukapewa nafasi. Kwenye simu tuliendelea kubanana.

Mnakumbuka. Mei 2020 Mji wa Kale ukafungwa, hakuna kuingia wala kutoka. Mwezi huohuo Rais Magufuli, kule Tanzania, akasema sampuli za papai na mbuzi zimepimwa zikaonekana zina corona. Video ile haikungoja feri. Grupu za familia zikajaa limau, tangawizi na kujifukiza. Maafisa walipokuja kupima, wengi walikataa.

Wajuaji wakasema ni ujinga. Mimi sikubali. Waliopelekwa karantini mwanzoni walitakiwa kujilipia. Anayeishi kwa kibarua cha siku ana sababu ya kuipenda meseji inayomwambia asipimwe. Mara nyingi tunaamini kile tunachoweza kumudu.

Uongo ulikuwapo kabla ya simu. Kilichobadilika ni dhamana. Daktari akikosea ana jina, na liko baraza linaloweza kumfutia leseni. Mganga wa mtaani akikosea, mlango wake unajulikana. Meseji ikikosea, aliyeileta atakwambia, "Nami nimetumiwa tu."

Utasema simu pia imetusaidia, na ni kweli. Msichana anayeogopa kufokewa na nesi anasoma mambo ya uzazi mwenyewe, usiku, chini ya shuka. Mgonjwa aliyesoma anauliza, na daktari inabidi aeleze, si kuandika dawa tu na kuita mwingine. Hilo nisingetaka lirudi nyuma.

Lakini kusoma kwa ajili ya mwili wangu na kusambaza kwa ajili ya mwili wa mwenzangu ni mambo mawili. La kwanza ni haki yangu. La pili ni kutibu, hata kama sina koti jeupe. Ukimwambia shangazi yako, "Acha hizo dawa za presha, kunywa hiki," ushamtibu. Basi fanya na kazi iliyobaki ya mtibabu: kesho asubuhi mpigie, umuulize ameamkaje.