Na wa Mwaka wa Kwanza Tuwapigie Makofi

Katika lupango moja hapa Dilala, mjini Kolwezi, nyumba mbili za ndugu zimetazamana na bomba la maji ni moja. Mwezi huu kila nyumba imepokea habari za mtoto aliyemaliza mwaka wa kwanza wa chuo kikuu. Kijana wa nyumba ya kwanza yuko Marekani, alikopelekwa kwa mjomba wake angali mdogo. Binti wa nyumba ya pili anasoma hapa hapa Kolwezi, katika chuo kimoja ambacho sitakitaja. Nimeona kwa macho yangu jinsi habari hizo mbili zilivyopokewa, na tangu hapo jambo hili limenikaa kooni.

Ya kijana ilianza kwa ubishi. Alituma picha ya barua yenye muhuri wa chuo chake, ikisema kwamba kwa alama alizopata amechaguliwa kuingia Alpha Lambda Delta, chama cha heshima cha taifa zima kwa ajili ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza, na kwamba kuna ada ya kuingia inayolipwa mara moja tu. Papa mwenye nyumba, aliyefanya kazi kwenye migodi ya Gécamines mpaka nywele zikawa nyeupe, alitafsiriwa ile barua akatikisa kichwa. "Hao ni wezi," akasema. "Tangu lini chuo kinamsifu mtoto halafu kinamwomba pesa?" Ilibidi mjomba apige simu mwenyewe, aeleze kwamba ameuliza ofisini, kwamba chama ni cha kweli, kwamba haingii mtu kwa kujuana. Picha za sherehe zilipofika, mzee aligeuka kabisa. Kijana amevaa koti lililomzidi mabegani, ameshika mshumaa na karatasi yenye jina lake, na watu wazima wamesimama wanampigia makofi. Jioni ile kuku walichinjwa, bukari ikasongwa kwenye sufuria ya matanga, bia za Simba za baridi zikaletwa, na simu ya mzee ikapita mkono kwa mkono mpaka chaji ikaisha.

Habari ya binti ilifika siku chache baadaye, kwa miguu. Matokeo yalikuwa yamebandikwa kwenye valvu, ule ubao wa matangazo ambao kila aliyesoma chuo katika nchi hii amewahi kusimama mbele yake akitetemeka. Karatasi ndefu, maandishi madogo, pembe moja imechanika, wanafunzi wamesongamana kila mmoja akifuata mstari kwa kidole. Kwenye jina lake paliandikwa wastani wa 15 juu ya 20, kredi zote 60, hakuna deni hata moja, yaani hakuna somo lililobaki. Sisi wa mfumo wa zamani tungesema amepata distinksyo. Aliazima simu ya mwenzake akaupiga picha mstari ule mmoja, akarudi nyumbani. Mama yake alikuwa anakaanga mikate ya kuuza.

"Umepita?"

"Nimepita, mama."

"Mungu asifiwe." Akaendelea kugeuza mikate. Baba akauliza minervali, ile karo ya mwaka wa pili, italipwa lini. Ikaishia hapo.

Simlaumu yule mama, wala baba. Hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba kuna kupita na kuna kupita. Chuo hakikuwaita, hakikuwaandikia, hakikutamka jina la mtoto wao mbele ya mtu yeyote. Wangejuaje kwamba katika kundi lile la mwaka wa kwanza, lililojaa mpaka wengine wanaandika wamesimama mlangoni, binti yao ni mmoja wa wachache waliotoka bila deni?

Na sisi si watu wasiojua kusifu elimu. Mtoto anapomaliza sekondari na kupata diploma ya Serikali, barabara nzima inajua. Poda nyeupe inamwagwa kichwani, wenye pikipiki wanapiga honi, kina mama wanatandika vitenge chini apite. Hata kwa wadogo tuna proklamasyo ya mwanzo wa Julai, wazazi wamekaa juani uwanjani mwa shule, mwalimu mkuu anasoma majina kwa pursantaji, wa kwanza anatangulia mbele na bibi yake anapiga vigelegele. Mtoto wa darasa la pili aliyepata asilimia 82 anarudi nyumbani amebebwa mabegani. Halafu mtoto huyo huyo anakua, anaingia chuo kikuu, anakutana na mwaka mgumu kuliko yote aliyopitia, anaushinda, na malipo yake ni karatasi ukutani.

Wenzetu wa Illinois, huko huko Marekani, waliligundua pengo hili zamani. Mwaka 1923 katika Chuo Kikuu cha Illinois, msimamizi wa wanafunzi wa kiume, Thomas Arkle Clark, alisimama nyuma ya kuanzishwa kwa Phi Eta Sigma, chama cha wavulana wa mwaka wa kwanza waliofanya vizuri. Mwaka uliofuata, chuoni hapo hapo, Maria Leonard aliyekuwa akisimamia wasichana akaanzisha Alpha Lambda Delta kwa ajili yao. Katika miaka ya 1970 vyama vyote viwili vikafungua milango kwa wavulana na wasichana pamoja. Marekani tayari ilikuwa na Phi Beta Kappa tangu 1776, lakini heshima ile kwa kawaida humfikia mwanafunzi akiwa karibu kumaliza, wakati aliyekata tamaa ameshaondoka siku nyingi. Waanzilishi wa Illinois walitaka sifa imkute mtoto mapema, angali anatafuta njia. Kipimo chao kinaeleweka na kila mtu: wastani wa 3.5 juu ya 4. Hakuna anayeuliza baba yako ni nani.

Sisi mwaka wa kwanza tunaupokeaje? Katika vyuo vingi vya Congo mgeni anaitwa bleu, na bleu anapigishwa magoti, ananyolewa ovyo, anaimbishwa matusi na wakubwa wake. Jambo hili limekatazwa mara nyingi na bado linaendelea. Kwa hiyo mtoto aliyetoka Luilu au Mutshatsha na begi moja, aliyepanga chumba na wenzake, anayesoma usiku umeme umekatika, kitu cha kwanza anachopewa na chuo ni aibu. Tumepata ustadi wa kumdhalilisha anayeingia. Kumheshimu aliyefaulu hatujajipa taabu ya kujifunza.

Najua nitaambiwa kuna Excellentia. Ni kweli, na ninaiheshimu. Tangu 2019 mpango huo wa wakfu wa mke wa Rais, Denise Nyakeru Tshisekedi, unawalipia masomo vijana waliong'ara katika mtihani wa Serikali, na wapo waliotoka katika familia ambazo zisingeweza kulipa hata mwaka mmoja. Lakini tazama mahali heshima ile inapoangukia: ni kwenye mlango wa kuingilia. Anayechaguliwa ni yule aliyeng'ara sekondari. Yule aliyepata pursantaji ya kawaida katika shule isiyo na vitabu wala maabara, akafika chuo, akaamka, akawapita waliotoka shule za majina, yeye hana mpango wake. Binti wa lupango lile ni huyo hasa. Mtihani wa Serikali haukumwona. Mwaka wa kwanza ndio uliomdhihirisha.

Kuna anayenisoma sasa hivi na ameshanuna. Anasema: heshima hailiwi. Anasema minervali inapanda, silabusi, zile noti za masomo, zinauzwa, maprofesa wanagoma kwa kudai mishahara, na wewe unataka vyeti na mishumaa! Ndugu yangu, mahitaji hayo yote uliyoyataja ni ya kweli, na anayeyapigania tuko pamoja naye. Lakini nenda Musompo kwenye madepo ya madini ukawaulize vijana wanaopakua viroba walisoma mpaka wapi. Utawakuta walioanza chuo. Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inatoka nchini kwetu, na sehemu kubwa inatoka chini ya ardhi hii tunayoikanyaga Lualaba, kwa hiyo hapa kwetu chuo kina mshindani ambaye Illinois hawamjui. Mchimbaji wa mkono akiangukiwa na bahati anaweza kupata kwa wiki moja kile ambacho mwalimu hapati kwa miezi, na anaporudi na pikipiki mpya mtaa mzima unatoka kumtazama. Huyo amepata makofi yake. Mwenziwe aliyekesha na hesabu za kemia akapata 15 juu ya 20 hatazamwi na mtu. Kijana wa miaka 19 anaona nani anaheshimiwa, na anaamua kwa macho kabla hajaamua kwa akili.

Mwingine ana hoja nzito zaidi, nami nimeizungusha kichwani siku nyingi. Anasema nchi hii ilishajaribu kuwapanga watu kwa heshima za karatasi, na tuliumia. Mwaka 1948 Wabelgiji walianzisha ile karte ya sifa njema ya raia kwa Waafrika waliowaona "wameendelea", na 1952 wakaongeza utaratibu wa kumsajili Mwafrika karibu na hadhi ya Mzungu. Mwombaji alikaguliwa hadi nyumbani: anakula mezani au chini, watoto wanalala wapi, choo kikoje, mke anajibu vipi. Patrice Lumumba mwenyewe alikataliwa kwanza, akakubaliwa 1954. Wachache walipewa karatasi, wengi wakaachwa wajione duni, na wale waliopewa walifundishwa kuwaacha ndugu zao nyuma. Na hesabu ya mwisho ilikuwaje? Chuo kikuu cha Lovanium kilifunguliwa 1954, cha Élisabethville 1956, na uhuru ulipofika 1960 Wakongomani waliokuwa na shahada ya chuo kikuu hawakufika hata 30.

Historia hiyo inauma, na kwangu ni sababu ya kuwa makini juu ya aina ya heshima tunayoitoa. Karte ile ilimpima mtu kwa namna alivyofanana na bwana wake. Aliyepima alikuwa mgeni, alipima sirini, na kipimo alikibadilisha alivyotaka. Wastani wa mwaka wa kwanza ni kitu kingine: kila mwanafunzi amefanya mtihani ule ule, ukumbi ule ule, na anajua aliyeketi kushoto kwake alifanya nini.

Hapo ndipo anadakia wa tatu, na huyu ana uchungu kuliko wote: "Alama zenyewe si zinanunuliwa?" Ndiyo, zipo zinazonunuliwa, kwa pesa, na kwa njia chafu zaidi ambazo wasichana wetu wanazijua na hawathubutu kuzisema. Nafahamu pia kwamba orodha ya heshima iliyotiwa alama za kununua ingekuwa tusi juu ya jeraha. Lakini uchafu ule unastawi kwenye ukimya. Karatasi ya ukutani haimwaibishi mtu. Jina likitamkwa kwa sauti mbele ya kundi zima, mbele ya wazazi, wenzake wa darasa wanajua papo hapo kama analistahili, na profesa aliyeliandika naye yupo ukumbini anasikia namna makofi yanavyotoka. Mwanafunzi wa kweli hana cha kuogopa katika ukumbi kama huo. Mnunuzi anacho.

Ninachotaka basi ni hiki. Kila kitivo katika vyuo vya Kolwezi, kikao cha maprofesa kikimaliza kazi yake, kitenge asubuhi moja kwa ajili ya mwaka wa kwanza peke yao. Kipimo kitangazwe mwanzoni mwa mwaka, kisibadilike kwa ajili ya mtoto wa mtu. Majina yasomwe, wazazi wawepo, hata kama mama anakuja na kitenge chenye unga. Mkuu wa kitivo atie sahihi cheti kwa mkono wake, na cheti kisilipiwe hata franka moja, kwa maana mzee yule wa Gécamines alikuwa na haki ya kushtuka: katika nchi ambako kila muhuri una bei, heshima inayolipiwa itanuka papo hapo. Makampuni ya migodi yatataka kudhamini, na wanasiasa watataka kuja na vitenge vyenye sura zao. Wakitaka kulipia masomo ya watoto hao, karibu sana, waende ofisi ya fedha. Asubuhi ile waiache iwe ya wanafunzi.

Na waliotajwa wapewe kazi. Hili ndilo ninalolisisitiza kuliko vyeti. Waliomaliza mwaka wa kwanza vizuri ndio wanaojua, kuliko profesa yeyote, ni wapi mgeni anapotea: namna ya kuandika noti mtu anapoongea upesi kwa Kifaransa kigumu, silabusi ipi inatosha na ipi haitoshi, mazoezi gani ya hesabu hurudi kwenye mtihani. Wakae na mableu wapya saa chache kila wiki. Mgeni wa Oktoba akipokewa na mkubwa aliyeshika daftari badala ya mkubwa aliyeshika fimbo, ule upuuzi wa kuwanyoa watoto vichwa utakosa watu wa kuufanya.

Mfumo wa LMD (Licence-Master-Doctorat), ulioanza kwa mwaka wa kwanza nchini kote mwaka wa masomo 2021-2022, umefanya jambo hili kuwa la haraka zaidi. Zamani aliyeanguka alirudia mwaka na wote walijua. Siku hizi anaweza kusonga mbele na madeni ya kredi mgongoni, mwaka baada ya mwaka, na kwa mbali wote wanaonekana wamepita. Aliyebeba madeni manne na asiye na deni wanapanda pamoja, na nyumbani wote wawili wanajibu "nimepita".

Kikao cha pili cha mitihani kiko mbele yetu. Wakuu wa vitivo bado wana wiki kadhaa za kutafuta ukumbi, kukubaliana juu ya kipimo na kutuma ujumbe kwa wazazi, na namba za simu za wazazi hao wanazo tayari kwenye fomu za kujiandikishia. Waanze na kitivo kimoja, mwaka huu huu.