Mtoto Anayesahau kwa Niaba Yetu

Mjini Juba, Sudan Kusini, kama ilivyo kwingi kwetu, mtoto husifiwa kwa kunyamaza. Aliyeona mapigano ya Desemba 2013, au ya Julai 2016, kisha akaonekana sokoni Konyokonyo akiuza mifuko ya plastiki na kutaniana na wateja, huyo husemwa ana moyo mgumu, keshasahau. Watu wazima hushusha pumzi. Kusahau kwake kunatupumzisha sisi, maana hatulazimiki kumuuliza kitu, wala kujieleza tulikuwa wapi. Lakini je, amesahau kweli, au kuna sehemu yake iliyobaki kulekule na hairuhusiwi kusema?

Mtoto asiyeweza kukimbia kwa miguu hukimbia kwa akili. Mwili unabaki mikononi mwa anayeuumiza, mwenyewe anakwenda mbali, na maumivu anaachiwa mtu mwingine aliye ndani yake. Mfaransa Pierre Janet aliandika juu ya kugawanyika huku kwa fahamu mwaka 1889. Mateso yakirudiwa tangu umri mdogo, hasa pale anayeumiza ndiye huyohuyo anayelisha, nafsi inaweza kukua vipande vipande. Ukubwani mtu anajikuta mahali asijue alifikaje, anaitwa kwa jina asilolijua, sauti inambadilikia, siku nzima inapotea. Wako wataalamu wanaoyatilia shaka maradhi haya ya nafsi kugawanyika, na ubishi wao haujaisha. Ila kwamba utoto wa mateso huvuruga kumbukumbu, hilo ni wachache wanaolipinga.

Watu wa pwani ya Afrika Mashariki hawashangai kusikia kinywa kimoja kikitoa sauti mbili. Pepo akipanda kichwani, mganga hamcheki. Humuuliza: wewe nani, watokea wapi, wataka nini? Ndugu hufukiza ubani, huchanga gharama, hukesha na mgonjwa wao. Kuna adabu kubwa humo ambayo hospitali nyingi hazina. Kule Mbarara, Uganda, uchunguzi ulioongozwa na daktari Marjolein van Duijl ulikuta kwamba waliopagawa walikuwa wamepitia mateso mengi kuliko wenzao wasiopagawa, na mwaka 2013 mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani ukakubali kuwa kupagawa kunaweza kuwa sura mojawapo ya nafsi iliyogawanyika. Kinachonikera mimi ni kwamba anayeulizwa ni pepo peke yake. Pepo huulizwa anataka nini, naye hutaja nguo au mbuzi. Mwenye mwili haulizwi alifanyiwa nini, na huenda aliyemfanyia yumo humohumo katika ngoma ya pepo, akipiga makofi.

Kusikiliza ni kazi, tena ya mikono. Kuna tiba ya mazungumzo ambayo, ikitumiwa kwa watoto, huanza kwa kulaza kamba sakafuni. Kamba hiyo ndiyo maisha tangu kuzaliwa hadi leo, na ncha yake huachwa imeviringwa kwa ajili ya siku zijazo. Mtoto huweka ua palipokuwa na furaha, na jiwe palipouma. Liwe kubwa au dogo, anachagua mwenyewe. Halafu, kikao baada ya kikao, hulisimulia kila jiwe, msikilizaji akiandika, akimsomea, naye akisahihisha. Njia hiyo ilijaribiwa kwa wakimbizi watu wazima wa Sudan katika makazi ya Imvepi, kaskazini mwa Uganda, na matokeo yakachapishwa mwaka 2004. Mwaka mmoja baada ya vikao vinne, asilimia 29 ya waliosimulia hivyo walikuwa bado na maradhi ya kiwewe; kwa waliopewa ushauri nasaha wa kawaida ilikuwa asilimia 79. Kwa nafsi iliyogawanyika mwendo ni mrefu zaidi, mara nyingi wa miaka, na tabibu makini hagusi jiwe hata moja kabla mgonjwa hajawa salama.

Salama wapi, basi? Mwaka 2016 Amnesty International iliikuta Hospitali ya Mafunzo ya Juba ndiyo pekee ya umma nchini inayotibu magonjwa ya akili, wodi yake ikiwa na vitanda 12, na nchi nzima ikiwa na madaktari wawili wa fani hiyo. Wagonjwa wengine walikuwa wamewekwa katika gereza kuu la Juba, zaidi ya nusu yao bila kosa lolote. Umaskini hauelezi yote hapo. Kuna jambo linalohusu tunavyomtazama mtu aliyevunjika. Mwaka mmoja kabla, uchunguzi wa South Sudan Law Society na UNDP ulikuta asilimia 41 ya waliohojiwa wana dalili za kiwewe. Maana yake anayetakiwa kumsikiliza mtoto, awe mama, mwalimu au mchungaji, huenda naye ana mawe yake ambayo hajapata wa kumsimulia, na jiwe la mtoto likitajwa, lake linatikisika. Ndiyo maana tunapenda anyamaze. Mama ambaye hajaulizwa lolote tangu 2013, je, aanze yeye kusikiliza, au asikilizwe kwanza? Na nani?